Shajara ya mradi: Injini ya 3L na difu ya Hilux LN106 kuingia kwenye LN85

Machi 2: magari mawili

Naweka hii kwa anayetaka kufanya kitu kama hiki asianzie sifuri kama mimi. Nitaongeza kila hatua ikiisha.

Gari linalobaki ni Hilux LN85, kabini moja, inavuta nyuma tu, injini 2L ya dizeli (2L na 3L ni majina ya injini, sio lita). Chesisi iko safi, bodi inavumilika, ila injini imechoka kabisa, moshi wa bluu kila asubuhi, ukifungua mfuniko wa oili inapumua kama treni na ukiwa na mzigo mlimani unashuka hadi gia ya pili unaangalia watu wakikupita. La kuchinja, yaani la kutolewa spea, ni LN106, 4x4, injini 3L, lilipinduka, paa limelala mpaka kwenye usukani na chesisi imepinda, hivyo barabarani halirudi tena. Humu nitayaita Nyeupe na Bluu ili tusichanganyane, Nyeupe ndo linaloishi.

Kinachofanya mradi uwezekane ni kwamba 2L na 3L ni familia moja. 2L ina bore (upana wa silinda) ya milimita 92 na stroku (mwendo wa pistoni) 92, inatoka cc 2446, 3L ni 96 kwa 96, cc 2779, ila matundu ya nyuma yanayoshika giaboksi ni yaleyale. Ungekuwa na 22R ya petroli ukataka kuibadilisha na 3L hapo ni habari nyingine, giaboksi haishiki. Kwa hiyo kabla ya kununua gari la kuchinja soma herufi za chesisi: LN maana yake injini ya familia ya L kwenye Hilux, RN ni ya familia ya R, YN ya Y. Halafu fungua boneti usome ile bamba ndogo, ina modeli, namba ya chesisi, rangi, na pia kodi ya giaboksi na ya difu. Hiyo bamba piga picha magari yote mawili. Watu wengi wananunua kwa kuangalia sura ya grili tu.

Mpango: injini 3L nzima, difu ya nyuma (kile kichwa tu, sio ekseli nzima), busta ya breki (inayosaidia mguu kubana breki), saa za dashibodi na mlango wa dereva. Giaboksi inabaki ya Nyeupe, maana ya Bluu ina transfa kesi (ya kugawa nguvu kwa tairi za mbele na nyuma) nyuma yake na Nyeupe haina pa kuiweka wala kazi nayo.

Machi 9: injini iliyolala kichwa chini

Kabla ya mtu kugusa swichi ya Bluu nilikataza kabisa. Gari likipinduka likakaa hivyo, oili inateremka kupitia pistoni inaingia juu kwenye chemba, na oili haibanwi, ukipiga stata unakunja konrodi (fimbo ya pistoni) papo hapo na injini nzuri umeshaiua mwenyewe uani. Tulitoa hita plagi zote nne (zile za kupasha joto chemba kabla ya kuwasha), tukaweka spana kwenye boliti ya kranki tukazungusha kwa mkono taratibu. Silinda ya tatu na ya nne zilitema oili, sio kidogo. Tukaendelea kuzungusha hadi zikawa zinatoa hewa tu, ndo tukaruhusu stata, bado hita plagi ziko nje.

Kisha kompresheni tester. Silinda zote zilikaribiana, hakuna iliyolala, hapo nikapumua.

Hedi tuliifungua hata hivyo. Hedi za 3L zina jina baya la kupasuka katikati ya valvu zikishawahi kuchemshwa, na sikutaka kuja kujua hilo gari likiwa limeshafungwa. Ilipelekwa ikapimwa presha kwenye maji ya moto, haikuvuja. Jambo moja kwa wanaofuata: gasketi ya hedi ya injini hizi haiji unene mmoja. Pembeni ina alama, B, D au F, inachaguliwa kwa jinsi pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Kama hujabadilisha pistoni wala hujasaga bloku, soma alama ya gasketi ya zamani ununue hiyohiyo. Muuzaji wa kwanza aliniambia "zote sawa tu bosi", hapana, sio sawa, ukiweka nyembamba kuliko inavyotakiwa pistoni inaweza kusalimiana na hedi.

Taiming belti mpya, tensiona mpya, oili sili ya mbele na ya nyuma, watapampu. Hivi vyote injini ikiwa chini ni kazi ya jioni moja, ikiwa ndani ya gari ni matusi. Jumla ya spea hizi mpya ilizidi nilichotoa kwa injini yenyewe, nasema mapema ili usije ukapiga hesabu ya injini ukadhani ndo bajeti.

Machi 16: sampu, mauntingi na ile fimbo ya oili

Hapa ndo mradi ulipokwama. Injini iliingia kwenye Nyeupe, ikashuka vizuri, halafu ikagoma ikiwa imebaki kama vidole vitatu. Tumbo la sampu (bakuli la oili chini ya injini) lilikalia krosmemba (chuma kinachokatiza chesisi).

Sababu ni kwamba LN106 ina ekseli ngumu mbele, na sampu yake imetengenezwa kukwepa ekseli. LN85 haina ekseli mbele, ina mikono ya juu na chini na toshenibaa (chuma kinachojinyonga badala ya springi), halafu kuna krosmemba na fito za usukani zinapita pale chini, hivyo tumbo la sampu linatakiwa liwe na umbo lingine. Jamaa aliyekuwa ananisaidia akasema tunyanyue mauntingi kwa vyuma. Inawezekana, ila ukinyanyua injini unabadilisha mstari wa propela, feni inapanda juu ya rejeta, na boneti inakuja kugusa. Nikakataa.

Suluhisho lilikuwa kwenye injini ya zamani. Sampu ya 2L inafunga kwenye bloku ya 3L, boliti kwa boliti. Lakini ukihamisha sampu lazima uhamishe na chujio la kunyonyea oili pamoja na bomba lake, maana lile la Bluu linanyonya upande ambao sampu ya Nyeupe haina kina. Ukiacha lile la zamani, injini itawaka fresh kabisa kwenye sehemu tambarare, halafu siku unapanda mlima taa ya oili inawaka.

Na fimbo ya kupimia oili iende pamoja na sampu yake, na mrija wake. Tuliweka ya Bluu kwanza, tukajaza oili ya kipimo kwa jagi kisha tukaangalia, ikasoma chini sana ya alama. Kumbe oili ipo, fimbo ndo fupi. Mtu mwingine angeongeza oili mpaka ifurike. Tulirudisha fimbo ya 2L ikasoma sawa.

Mabreketi ya mauntingi pia tulifunga ya Nyeupe kwenye bloku mpya. Kuanzia hapo nikawa na kanuni rahisi ambayo imenisaidia mradi mzima: kilicho ndani ya injini kinatoka Bluu, kinachogusa chesisi kinabaki cha Nyeupe. Ina kasoro zake, mtaona kwenye waya.

Machi 23: klachi na kuishusha

Flaiwili ya Bluu ilibaki na injini yake, na preshapleti yake, sababu klachi ya 3L ni pana kidogo kuliko ya 2L. Shida ni kama klachi pleti ya Bluu itaingia kwenye shafti ya giaboksi ya Nyeupe. Usikisie, chukua pleti uisukume kwenye shafti kwa mkono. Yangu iliteleza vizuri, meno 21 pande zote. Pailoti beringi kule mwisho wa kranki weka mpya, ni kitu kidogo ambacho kikilia utashusha giaboksi nzima kwa ajili yake.

Pampu ya pawa stering ilikuja na injini ila imetoka. Nilitamani sana pawa stering, lakini boksi ya usukani ya LN106 mkono wake unacheza mbele na nyuma kusukuma fito ya ekseli ngumu, ya LN85 unacheza kushoto na kulia. Hata ukichomelea sehemu ya kuifungia, magurudumu hayatapata mwendo sahihi, na usukani sio mahali pa kujaribu bahati. Kama unataka pawa tafuta boksi ya pikapu nyingine ya kuvuta nyuma. Puli tukaipanga upya, belti fupi, tukaendelea.

Injini imekaa. Giaboksi imefunga bila kulazimisha boliti hata moja.

Aprili 6: waya

Hii hatua ilikula muda kuliko kushusha injini.

Hita plagi kwanza. Injini za L zilitoka na mifumo miwili ya kuwasha asubuhi. Mmoja wa zamani unatumia plagi za volti karibu na betri, unasubiri taa izime ndo unapiga stata. Mwingine wa haraka una plagi za volti 6 hivi, zinapewa umeme wote kwa sekunde chache kisha relei ya pili na rezista zinapunguza. Bluu ilikuwa ya haraka, Nyeupe ni ya zamani. Fundi wa umeme akataka kuunganisha moja kwa moja maana "waya ni mmoja tu unaoenda kwenye plagi". Nikamwambia fundi tujaribu moja mezani kwanza. Tuliibana kwenye vaisi, tukaipa betri. Ikawa nyekundu ncha nzima haraka ajabu, ikaenda njano, ikaenda nyeupe, halafu ncha ikavimba upande mmoja ikapasuka na mwanga ukazima. Sasa fikiria ile ncha ingedondokea ndani ya silinda.

Kuna njia mbili. Uhamishe mfumo wote wa Bluu, taima, relei zote mbili, rezista na sensa yake, au ununue plagi za volti zinazolingana na waya za Nyeupe. Taima ya Bluu ilikuwa imepondwa na paa, hivyo nilinunua plagi. Linganisha uzi, urefu na ile koni inayokalia hedi, sio volti tu. Volti huwa imegongwa kwenye mwili wa plagi, pangusa na petroli utaiona.

Waya mwingine muhimu ni ule wa solenoidi ya kukata dizeli kwenye pampu, unatakiwa kupata volti 12 swichi ikiwa on na uendelee kupata wakati unapiga stata. Wetu ulikuwa unakufa wakati wa stata, kwa hiyo injini inazunguka tu haiwaki, ukiachia ufunguo ndo inataka kushika. Tukahamia waya mwingine kwenye swichi.

Swichi ya oili nayo angalia. Kuna ya taa na kuna ya geji, zinafanana kwa mbali ila ya geji ni kubwa kama kikopo. Ukiweka ya taa kwenye waya wa geji mshale utalala au utakaa juu muda wote na haina maana yoyote. Hapa kanuni yangu inavunjika, sensa ni kitu cha kwenye injini ila lazima zifuate dashibodi.

Altaneta tumefunga ya Bluu. Kuna mtu alinipa ya pikapu ya petroli, inachaji vizuri na sura inafanana. Usichukue. Altaneta ya dizeli hizi nyuma ina pampu ya vakyumu inayozungushwa na shafti ileile, na ndo inayoipa nguvu busta ya breki. Bila hiyo taa ya chaji itazima vizuri kabisa na pedeli ya breki itakuwa ngumu kama jiwe.

Aprili 13: imewaka

Kutoa hewa kwenye dizeli, ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, kulegeza nati za nozo, kawaida. Iliwaka ikatoa moshi mweupe mwingi ukaisha. Rejeta nimetumia ya Nyeupe baada ya kusafishwa mirija, kava la feni ni la Bluu limetobolewa matundu mapya kwa sababu feni ya 3L ilikaa sentimita kadhaa mbali na kava la zamani. Bila kava joto lilikuwa linapanda gari likisimama linanguruma, nililijaribu makusudi. Kava likiwepo joto halipandi.

Namba ya injini imebadilika, hivyo hati ya gari inatakiwa kurekebishwa. Tunza karatasi za gari la kuchinja, wengi wanasahau hilo mpaka siku ya kuuza.

Aprili 27: difu

3L ina nguvu zaidi, kwa hiyo nilitaka difu ndefu kidogo injini isilie barabara kuu. Kujua uwiano bila kufungua: nyanyua tairi moja ya nyuma, nyingine ibaki chini, gia nyutro, weka chaki kwenye propela, zungusha tairi mizunguko miwili kamili na uhesabu propela. Kwa nini miwili, ni kwa sababu tairi moja ikiwa imesimama difu ya kawaida inaipa ile nyingine mwendo mara mbili, hivyo mizunguko miwili ya tairi ni mmoja wa kraunwili (gia kubwa ya difu). Nyeupe ilitoa 4 na robo hivi na zaidi kidogo, Bluu 4 na kidogo sana. Kwa jicho hutatofautisha vizuri, kwa hiyo tulivyotoa tukahesabu meno: Nyeupe 43 kwa 10, yaani 4.3, Bluu 41 kwa 10, yaani 4.1.

Bluu kwa kuwa ni 4x4 ina difu mbili na ni lazima ziwe na uwiano mmoja. Usije ukachukua difu ya nyuma ya 4x4 iliyo hai ukaacha ya mbele na uwiano mwingine, utavunja kitu siku utakapoweka 4x4 kwenye lami.

Vichwa vyote viwili ni vya inchi 8 na boliti za kufungia zililingana, hafu shafti zikaingia. Kilichogoma ni flenji (sahani ya kufungia) ya propela, matundu yake hayakukutana na ya propela ya Nyeupe. Njia ambayo kila mtu alinipa ni kufungua nati ya pinioni (gia ndogo inayozungusha kraunwili) na kubadilisha flenji. Mimi siipendi. Chini ya ile nati kuna spesa inayojikunja, ndo inayoshika mkazo wa beringi za pinioni, ukifungua na kukaza kwa kubahatisha aidha unalegeza beringi au unaziua kwa kuzibana, na baada ya muda difu inaanza kuimba. Badala yake tulichukua ile yoki (uma unaoshika krosi) ya flenji kwenye propela ya Bluu tukaiweka kwenye propela ya Nyeupe. Vikombe vya krosi tulivipima kwa vernia vikawa saizi moja, krosi mpya ikaingia, tukahakikisha alama za yoki ziko mstari mmoja pande zote, vinginevyo propela inatetemeka. Oili ya difu ni ya daraja la GL-5.

Barabarani injini imetulia kweli. Ila spidomita sasa inadanganya, na inadanganya upande mbaya. Kebo inatoka mkiani mwa giaboksi, propela inazunguka mara chache kuliko zamani kwa umbali uleule, 4.1 gawa kwa 4.3, kwa hiyo ukiwa unaenda 100 kweli yenyewe inasoma 95. Dawa ni ile gia ndogo ya plastiki inayozungusha kebo, chukua yenye jino pungufu. Imesogea karibu sana na ukweli nikilinganisha na GPS ya simu.

Mei 11: busta na breki zinazojikaza

Busta ya Bluu ni kubwa kuliko ya Nyeupe na inafunga kwenye ukuta bila kutoboa. Masta silinda nimeacha ya Nyeupe. Mtaani breki zikawa tamu. Tulivyotoka mwendo mrefu gari likaanza kuwa zito, kisha zito zaidi, nikasimama harufu ya pedi inanuka na rimu za mbele hazishikiki. Kila mtu akasema kalipa zimekwama.

Kabla ya kufungua kalipa zozote, fanya hivi gari likiwa bado limekaza: legeza nati mbili zinazoshika masta silinda kwenye busta, nyuzi chache tu. Tairi zikiachia, kalipa hazina kosa, fito ya busta ni ndefu. Zetu ziliachia palepale. Fito ikiwa ndefu inasukuma pistoni ya masta silinda hata mguu ukiwa haupo, inaziba kale katundu kadogo ambako mafuta yanarudia kwenye kikopo, breki zikipata joto mafuta yanatanuka hayana pa kwenda, yanakaza breki, joto linaongezeka, na mzunguko unaendelea hivyo hadi usimame.

Tulipima kwa vernia kina cha pistoni ndani ya masta silinda na jinsi fito inavyochomoza kwenye busta, tukazungusha kichwa cha fito mpaka kukabaki kauwazi kadogo sana. Ukiacha uwazi mkubwa pedeli itakuwa na mwendo wa bure. Tangu hapo mteremko mrefu, mzigo nyuma, rimu ziko vuguvugu tu. Gharama ilikuwa pedi mpya za mbele, maana zile zilishaungua zikawa kioo.

Mei 25: saa za dashibodi na mlango

Mlango wa dereva wa Bluu umeingia, bawaba zilezile, kioo na kitasa vinafanya kazi. Kabini moja kwa kabini moja ni sawa, wa dabo kabini ni mfupi usiuchukue. Fenda za mbele sikuzigusa, za 4x4 zimekatwa tofauti kwenye tairi.

Saa za dashibodi zina taa ya T-BELT inayowaka zikifika kilomita 100,000 kukumbusha taiming belti. Sasa hizi ni saa za gari lingine, zinahesabu kilomita za Bluu, hazijui kwamba belti niliyofunga Machi ni mpya. Nyuma ya saa kuna skrubu unayoihamisha tundu ili hesabu ianze upya, hiyo nimeihamisha, na kilomita za kufungia belti nimeziandika kwa rangi juu ya kava la belti lenyewe.

Kilichobaki ni oili kidogo inayolowanisha mrija wa kurudi kutoka pampu ya vakyumu, nitabadilisha mpira na klipu. Ekseli ya mbele na transfa kesi ya Bluu bado zipo uani zimefunikwa, kuna mtu mwenye LN106 anakuja kuziangalia wiki ijayo.